Kuchagua transfoma ya konveta ya 48 V kwenda 12 V iliyotenganishwa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Konveta inawaka vizuri bila mzigo. Mzigo ukiunganishwa, mosfeti (swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima umeme kwa kasi) inapasuka. Fundi anabadilisha mosfeti, nayo inapasuka, kisha anaanza kuilaumu IC, yaani chipu ya udhibiti. Katika konveta za flaibeki, zile zinazojaza nishati ndani ya transfoma kisha kuimwaga upande wa pili, kosa hili kwa kawaida limetokea mapema zaidi: transfoma ilichaguliwa kwa wati na umbo lake, bila kuuliza kilele cha mkondo inachoweza kubeba kabla kiini chake hakijashiba, yaani kushindwa kubeba sumaku zaidi.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kutoa 12 V, 2 A kutoka betri ya 48 V ya sola, kwa ajili ya ruta na kamera za ulinzi, huku hasi ya kamera ikiwa haigusani kabisa na hasi ya betri. Namba zako zikiwa tofauti, fuata njia ile ile na ubadilishe tarakimu.

## Vifaa vya kuwa navyo mezani

Kwa transfoma:

- Kiini cha feraiti E25/13/7, vipande viwili, cha aina ya N87, 3C90 au PC40
- Bobini yake yenye pini 10
- Waya wa shaba wenye vanishi, 0.35 mm na 0.2 mm
- Tepu ya poliesta ya transfoma (ile ya njano), na karatasi ngumu au plastiki nyembamba ya 0.2 mm ya kuweka pengo
- Gundi ya epoksi

Kwa saketi: IC ya UC3845, mosfeti ya 200 V, daiodi ya Schottky ya 100 V yenye uwezo wa 5 A au zaidi, rezista ya 0.39 Ω ya 2 W, PC817 (optokapla, inayopitisha habari kwa mwanga) na TL431 (rejea ya volti), na kapasita za ingizo za 100 V. Kapasita za 63 V ziache. Betri ya asidi ikichajiwa kwa kusawazisha seli inaweza kupita 60 V.

Kwa vipimo: mita ya LCR (ya kupima indaktansi, yaani uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo) inayopima kwa 100 kHz, osiloskopu, na pawa saplai ya benchi yenye kikomo cha mkondo. Bila mita ya LCR utakuwa unabahatisha. Ndiyo kifaa ambacho mafundi wengi hukiruka, na ndicho ambacho kingeokoa mosfeti zao.

## Hatua ya 1: Andika mipaka ya umeme

Betri ya "48 V" haikai kwenye 48 V. Ile ya LiFePO4 yenye seli 16 hushuka hadi 40 V seli zikifika 2.5 V kila moja, na hupanda hadi 58.4 V seli zikifika 3.65 V. Ongeza upotevu kwenye nyaya na nafasi kidogo ya usalama, upate 36 V hadi 60 V.

Mahesabu ya mkondo yote hufanywa kwenye volti ya chini kabisa, kwa kuwa hapo ndipo mkondo huwa mkubwa. Mahesabu ya volti zinazoikabili mosfeti na daiodi hufanywa kwenye volti ya juu kabisa. Ukizichanganya, kila namba inayofuata itakuwa na kosa.

Andika pia:

- Nguvu ya kutoka: 12 V × 2 A = 24 W
- Ufanisi wa kukadiria: 85%, hivyo nguvu ya kuingia ni 28.2 W
- Frikwensi: 100 kHz

UC3845 hugawa frikwensi ya osileta yake kwa mbili. Ili mosfeti ifanye kazi kwa 100 kHz, osileta iwekwe 200 kHz. Ukisahau, mosfeti itafanya kazi kwa 50 kHz, ripo ya mkondo (kupanda na kushuka kwake ndani ya kila mpigo) itakuwa mara mbili, na kilele kitasogelea kikomo cha kiini.

## Hatua ya 2: Uwiano wa mizunguko

Amua kwanza mosfeti iwake kwa sehemu gani ya kila mpigo kwenye 36 V. Hapa tunachukua 0.45. Tusivuke 0.5, kwa sababu udhibiti unaofuata kilele cha mkondo huyumba ukivuka hapo: mpigo mrefu hufuatwa na mfupi, transfoma hulia, na ripo hupanda. UC3845 yenyewe haiwezi kuvuka nusu, ndiyo maana tumeichagua.

Volti inayorudishwa kwenye koili ya msingi (ya upande wa betri) mosfeti ikizima:

36 × 0.45 ÷ 0.55 = 29.5 V

Upande wa pili, koili hutoa 12 V pamoja na 0.6 V ya daiodi, yaani 12.6 V. Uwiano ni 29.5 ÷ 12.6 = 2.34.

Hakiki vifaa viwili kwa uwiano huo. Mosfeti kwenye 60 V itaona 60 + 29.5, karibu 90 V, na juu yake mruko wa volti unaotokana na indaktansi inayovuja, ile isiyoshirikiana na koili ya pili. Ya 100 V itakufa. Ya 200 V inatosha. Daiodi itaona kinyume 12 + (60 ÷ 2.34), karibu 38 V, nayo ina mruko wake. Ya 40 V usiiguse, na ya 60 V inabana mno. Weka ya 100 V.

## Hatua ya 3: Kilele cha mkondo na indaktansi

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, kwa hiyo tusiende mbio.

Katika konveta ya aina nyingine, kama ile ya nusu daraja iliyomo kwenye pawa saplai nyingi za kompyuta, transfoma hupitisha nishati moja kwa moja kutoka koili moja hadi nyingine. Katika flaibeki haipitishi. Mosfeti ikiwaka, koili ya msingi hujaza nishati ndani ya kiini, hasa kwenye pengo la hewa. Mosfeti ikizima, nishati hiyo humwagika kwenye koili ya pili. Kwa hiyo "transfoma" hii ni indakta yenye koili mbili, na kinachoiua ni kujazwa kupita uwezo wake. Kiini kikishiba, indaktansi huporomoka, mkondo huruka juu ndani ya sehemu ndogo ya mikrosekunde, na mosfeti hubaki imesimama mbele ya betri, koili ikiwa kama waya mtupu tu.

Mkondo wa wastani wa kuingia: 28.2 ÷ 36 = 0.78 A.

Mkondo huu hupita wakati mosfeti imewaka tu, hivyo katikati ya mpigo ni 0.78 ÷ 0.45 = 1.74 A.

Mkondo hupanda kwa mteremko ndani ya kila mpigo. Acha mpando huo uwe karibu nusu ya mkondo wa katikati, yaani 0.9 A. Ukiuruhusu uwe mkubwa, kilele hupanda na kapasita huchemka. Ukiuminya uwe mdogo, utahitaji indaktansi kubwa, mizunguko mingi na kiini kikubwa.

Indaktansi: (36 × 0.45) ÷ (100,000 × 0.9) = 180 µH

Kilele cha kawaida: 1.74 + 0.45 = 2.19 A

Bado hatujamaliza. Konveta ikiwashwa, au mzigo ukirukaruka, mkondo hupanda hadi pale IC itakapoukata. UC3845 hukata pini ya mkondo ikifika 1 V. Kwa rezista ya 0.39 Ω, hiyo ni karibu 2.6 A. Kiini kinapimwa kwa 2.6 A. Anayekipima kwa 2.19 A ana transfoma inayofanya kazi siku zote isipokuwa ile sekunde ya kuwashwa.

## Hatua ya 4: Kiini na idadi ya mizunguko

E25/13/7 ina eneo la kiini la karibu 52 mm². Feraiti za nguvu kama N87 hushiba karibu 0.39 T zikiwa na joto la 100 °C, chini ya kiwango kinachoonekana zikiwa baridi. Tumia kikomo cha 0.28 T.

Mizunguko ya chini kabisa ya koili ya msingi:

(180 µH × 2.6 A) ÷ (0.28 T × 52 mm²) = 32

Chukua 35 za koili ya msingi kwa 15 za koili ya pili. Uwiano wake ni 2.33, karibu kabisa na tuliouhesabu, na kiini kwenye 2.6 A kitafika 0.26 T tu.

Koili ya tatu, ya kulisha IC, nayo ipewe mizunguko 15. Kila mzunguko hubeba 0.84 V, hivyo utapata karibu 12 V baada ya daiodi. UC3845 huzima ikishuka chini ya 7.6 V, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha.

## Hatua ya 5: Kununua, kuokota au kusuka

Kununua. Kampuni kama Würth Elektronik na Coilcraft huuza transfoma za flaibeki za 36–72 V zilizo tayari. Zinazotengenezwa kwa vifaa vya PoE (vinavyolishwa umeme kupitia kebo ya mtandao) nazo zinafaa kuchunguzwa, kwa kuwa volti zake zinakaribiana na zetu. Usisome wati kwanza. Soma kwa mpangilio huu:

1. Indaktansi ya koili ya msingi: 180 µH, kasoro au zaidi kwa 10%
2. Mkondo wa kushiba: 2.6 A au zaidi, kwenye joto la kazi
3. Uwiano: kati ya 2.2 na 2.5
4. Indaktansi inayovuja: chini ya 2%
5. Volti ya majaribio ya kutenganisha: 1500 V au zaidi

Tahadhari na za PoE: nyingi zimeundwa kwa frikwensi ya juu, kwa mfano 250 kHz, ambapo kazi kama yetu ingehitaji 72 µH tu. Ukiiweka kwenye saketi ya 100 kHz, mkondo utapanda mara mbili na nusu ndani ya kila mpigo. Ukipata transfoma ya namna hiyo, pandisha frikwensi ya saketi iifuate.

Kuokota kwenye pawa saplai ya kompyuta. Hapa ndipo mosfeti nyingi zinapozikwa. Transfoma kubwa ya katikati haifai kabisa kwa flaibeki: haina pengo la kuhifadhi nishati, na hushiba kwa mkondo mdogo. Ukubwa wake hausaidii kitu. Ile ndogo ya 5 V ya kusubiri kwa kawaida ni flaibeki kweli, ila imesukwa kwa volti mia tatu na zaidi za kuingia, ina mizunguko mingi mno kwa betri ya 48 V, na mkondo wake wa kushiba ni mdogo. Kinachostahili kuokotwa ni kiini na bobini. Vichemshe kwenye maji kwa dakika kadhaa gundi ilegee, vitenganishe taratibu, vikauke, usuke upya. Kukilazimisha kiini kikiwa baridi ni kukivunja.

Kusuka mwenyewe. Kama una mita ya LCR, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa kazi ya moja moja. Hatua mbili zinazofuata ni za msukaji. Aliyenunua aruke hadi hatua ya 8, lakini asiruke vipimo.

## Hatua ya 6: Waya na mpangilio wa tabaka

Kwa 100 kHz mkondo hutembea kwenye ngozi ya waya, kina cha karibu 0.2 mm. Waya mmoja mnene wa 0.8 mm huacha shaba ya katikati bila kazi. Tumia nyuzi kadhaa nyembamba zilizounganishwa sambamba.

- Koili ya msingi: nyuzi 2 za 0.35 mm. Mkondo wake wa kazi ni 1.18 A, karibu 6 A kwa kila mm². Kwa koili fupi kama hii inakubalika, na hali hiyo hutokea betri ikiwa chini kabisa tu.
- Koili ya pili: nyuzi 5 za 0.35 mm. Mkondo wake wa kazi ni 2.7 A.
- Koili ya IC: uzi 1 wa 0.2 mm.

Suka kwa mpangilio huu, kutoka ndani kwenda nje:

1. Mizunguko 18 ya koili ya msingi, tabaka moja, kisha tepu mizunguko 3
2. Mizunguko 15 ya koili ya pili, tabaka mbili, kisha tepu mizunguko 3
3. Mizunguko 17 iliyobaki ya koili ya msingi, kisha tepu
4. Mizunguko 15 ya koili ya IC, kisha tepu ya kufunga

Kuibana koili ya pili katikati ya nusu mbili za msingi hupunguza indaktansi inayovuja. Ukisuka msingi yote chini na pili yote juu, uvujaji huongezeka sana, na mruko kwenye mosfeti unaongezeka nao.

Zungusha koili zote upande ule ule, na weka alama ya rangi kwenye pini ya kuanzia ya kila moja. Waya wa kuanzia unapotoka kuelekea pini, ufunike kwa tepu mahali unapopita juu ya mizunguko mingine. Shoti nyingi za transfoma za mkono hutokea hapo.

Onyo la usalama. Tepu mizunguko 3 inatosha betri ikiwa imetengana kabisa na umeme wa gridi. Ikiwa inveta yako haitenganishi betri na gridi, au huna hakika, koili ya pili isukwe kwa waya wenye matabaka matatu ya kuhami. Waya huo ni mnene, hivyo hamia kiini cha ETD29 na urudie hatua ya 4 kwa eneo la 76 mm². Hapa mtu hushika kamera au ruta kwa mkono, kwa hiyo usipunguze chochote.

## Hatua ya 7: Pengo la hewa

Pengo lote linalohitajika ni karibu 0.44 mm. Ukiweka karatasi kati ya vipande viwili vya kiini, kila mguu wa kiini hupata pengo, na mkondo wa sumaku hulivuka mara mbili: katikati na pembeni. Kwa hiyo karatasi iwe nusu, yaani karibu 0.22 mm.

Anza na 0.2 mm, bana kiini kwa mkono au kwa lastiki, pima. Ikisoma zaidi ya 180 µH, ongeza kipande chembamba. Ikisoma chini, punguza. Usibadilishe idadi ya mizunguko ili kurekebisha indaktansi: utaharibu uwiano na kikomo cha kushiba kwa pamoja.

Ukifika kati ya 170 na 190 µH, gundisha kwa epoksi, ukibana hadi ikauke, kisha pima tena.

## Hatua ya 8: Vipimo kabla ya kuweka umeme

Indaktansi. Koili ya msingi, nyingine zikiwa wazi: 170–190 µH.

Uvujaji. Unganisha pamoja pini za koili ya pili, na za koili ya IC vivyo hivyo, kisha pima msingi. Lengo ni 3.6 µH au chini. Ikisoma 8 au 10 µH, mpangilio wa tabaka umekosewa.

Mwelekeo. Unganisha mwisho wa msingi na mwanzo wa koili ya pili, kisha pima kati ya ncha mbili zilizobaki. Ukipata karibu 367 µH, alama zako ni sahihi. Ukipata karibu 59 µH, mwanzo na mwisho wa koili moja vimebadilishana. Kipimo hiki huchukua dakika moja, nacho hugundua kosa ambalo, likifika kwenye saketi, humwaga mkondo kwenye kapasita ya kutokea mosfeti ikiwa bado imewaka.

Utengano. Mega (kipima uhami) kwa 1000 V DC kati ya msingi na pili. Isome mamia ya megaohm au zaidi. Ikishuka polepole wakati unapima, kuna unyevu au vanishi iliyochunika.

Kumbuka pia kwamba utengano haukai kwenye transfoma peke yake. Habari ya volti ya kutokea irudi kwa IC kupitia PC817. Rezista moja tu inayovuka kutoka 12 V kwenda upande wa betri huufuta utengano wote.

## Hatua ya 9: Kuwasha

Weka kwanza saketi ya kufyonza mruko kwenye koili ya msingi: daiodi ya kasi, kapasita ya 10 nF ya 200 V, na rezista ya 3.9 kΩ ya 3 W. Thamani hizi huzuia mruko kupita karibu 70 V juu ya volti ya betri kwa uvujaji wa 3 µH. Uvujaji wako ukiwa mkubwa zaidi, rezista itachemka kupita kiasi. Hapo dawa ni kusuka upya.

Pawa saplai iweke 36 V, kikomo cha 0.3 A, bila mzigo. Ikitulia kwenye 12 V, weka mzigo wa 0.5 A, kisha ongeza hadi 2 A ukipandisha kikomo taratibu.

Weka osiloskopu kwenye rezista ya 0.39 Ω. Kwa mzigo kamili kwenye 36 V, mkondo uanze karibu 0.5 V na upande kwa mstari mnyoofu hadi karibu 0.85 V. Mstari ukipinda kwenda juu mwishoni, kiini kinashiba. Zima. Pengo ni dogo, au kiini si cha aina uliyoambiwa dukani.

Hamishia osiloskopu kwenye dreni ya mosfeti (pini yake inayounganishwa na koili ya msingi), upandishe hadi 60 V. Utaona ngazi ya karibu 90 V na mruko mfupi unaoishia 130 V au chini.

Acha ifanye kazi kwa mzigo kamili nusu saa, ndani ya boksi lake, na ipime joto. Transfoma ikizidi joto la hewa kwa 30 hadi 40 °C, iko salama.

## Dalili na chanzo chake

Inajaribu kuwaka, inazima, inajaribu tena. Koili ya IC imegeuzwa mwelekeo, daiodi yake imekufa, au mizunguko haitoshi.

12 V inashuka betri ikiwa chini tu. Uwiano ni mkubwa mno, na IC imefika kikomo chake cha nusu mpigo. Ongeza mizunguko ya pili hadi 16.

Inalia kwa sauti nyembamba. Gundi ya kiini haijashika, au mpigo mrefu na mfupi zinapishana. Angalia kichujio cha pini ya mkondo: 1 kΩ na 470 pF, karibu kabisa na IC.

Kiini baridi, waya moto. Nyuzi ni chache, au koili iko karibu mno na pengo, ambako sumaku hutawanyika na kuchemsha shaba.

Mosfeti inakufa papo hapo ikiwashwa, kabla ya mzigo. Rudia kipimo cha mwelekeo cha hatua ya 8 kabla ya kununua mosfeti nyingine.